Fundi Saa wa Kakola

Mtu akikaa kwenye benchi langu na kuninyooshea mkono, kabla sijaigusa saa yake namuuliza anafanya kazi gani. Hapa Kakola, kando ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, jibu la swali hilo ndilo linalopima mkanda. Mkono wa mchimbaji mdogo aliyeshika nyundo na moko, yaani patasi ya kuvunjia mwamba, tangu alfajiri huvimba, na ikifika alasiri umeshanenepa kuliko ulivyoamka. Saa iliyomkaa vizuri akitoka nyumbani humbana mchana na kumchora alama za pingili za mkanda wa chuma kwenye ngozi. Dereva wa lori hataki saa icheze, maana usukani unamtikisa njia nzima. Mama anayeponda mawe ya karasha, mashine ya kusaga mawe, anataka aweze kuivua upesi, kwa mkono mmoja. Saa zote hizo zimetoka dukani na mkanda wa urefu uleule, na fundi asiyeuliza anapima mfupa tu.

Kazi hii nilijifunzia Shinyanga mjini, miaka ya mwisho ya themanini, kwa mzee mmoja aliyekuwa na meza ya kioo kwenye baraza la duka la vitambaa. Nilitoka nyumba ya wakulima wa pamba, na kwetu saa zilikuja kwa msimu. Pamba ikishauzwa na malipo yakitoka, kijijini zilionekana baiskeli mpya, redio na saa. Iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa Seiko 5, ambayo Wajapani walianza kuitoa mwaka 1963: haina betri, hujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, inaonyesha siku na tarehe, na mkanda wake wa chuma unang'aa hata kwenye mwanga wa kibatari. Lakini ilikuja na mkanda mrefu. Wakulima wengi waliivaa ikiwa imeshuka hadi mgongo wa kiganja, wengine wakaipandisha juu karibu na kiwiko ili isidondoke. Hakuna aliyewaambia kwamba mkanda ule umetengenezwa ili upunguzwe. Jambo hilo liliniuma tangu nikiwa kijana. Mtu amelima mwaka mzima, amenunua kitu kizuri, kisha anakivaa kama cha kuazima.

Mzee wangu alinianzisha kwenye mikanda. Mashine ya saa alinikataza kuigusa kwa muda mrefu, na namshukuru, kwa sababu alinipa nafasi ya kutazama mikono. Alikuwa akimwambia mteja, "Kunja ngumi. Fungua. Sasa inama kama unafunga kamba ya kiatu." Macho yake yalikuwa kwenye kifundo, palepale penye mfupa unaotokeza upande wa kidole kidogo. Saa ikae nyuma ya mfupa huo, upande wa kiwiko, isiupande. Ikiupanda, kila mara mtu anapokunja mkono saa inamchoma, na baada ya wiki ataacha kuivaa. Kipimo chake kilikuwa kidole kidogo: kipite chini ya kufuli ya mkanda bila kulazimishwa, na kikishapita kisibaki na nafasi ya kucheza.

Nilifika Bulyanhulu mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Watu walitoka kila upande wa nchi, na mahali palipokuwa vichaka pakawa na maturubai, vibanda, mama lishe na wauza redio. Duara likitoa, mgao ulifanyika na saa ikanunuliwa siku hiyohiyo. Duara likikauka, saa ileile iliuzwa ili watu wale. Niliona saa moja ikipita mikono mitatu ndani ya msimu mmoja, kutoka kwa kijana mwembamba kwenda kwa mnunuzi wa dhahabu mwenye mkono mnene, kisha kwa mpishi. Hapo ndipo nilipoanza desturi ambayo sijaiacha hadi leo: kila pingili ninayoitoa naifunga kwenye karatasi pamoja na pini yake, naandika aina ya saa na jina la mwenyewe, naitia kwenye kopo. Fundi anayetupa pingili anamwibia mvaaji wa pili. Mikanda ya chuma hutofautiana upana na unene, na pingili ya saa moja mara nyingi haiingii kwenye nyingine hata kama zinafanana kwa macho. Ukiipoteza, mwenye mkono mnene hana pa kwenda.

Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa na eneo likawa la mgodi mkubwa. Nilibeba meza yangu nikaenda Kahama mjini. Kampuni ya Barrick iliununua mradi mwaka 1999, uzalishaji ukaanza mwaka 2001, na Kakola ikajaa watu tena, safari hii wenye mishahara na zamu. Nikarudi.

Wateja wangu wapya walifanya kazi chini ya ardhi, mahali ambapo jua halikusaidii kujua muda. Saa kwao haikuwa pambo. Lakini aliye karibu na drili au mkanda wa mashine unaozunguka hatakiwi kuwa na kitu mkononi, pete wala saa, kwa sababu chuma kikinaswa kinaondoka na ngozi. Kwa hiyo walikuwa watu wa kuvua na kuvaa, kuvua na kuvaa, na mkanda uliokaa vibaya uliwachosha kuliko mtu mwingine yeyote. Tena walitoka zamu usiku, meza yangu imefungwa. Mmoja aliniambia, "Fundi, nifundishe nifanye mwenyewe nyumbani." Mafundi wenzangu walinikanya: ukiwafundisha utakula nini? Nilimfundisha. Baada yake nimefundisha kila aliyetaka, na sijawahi kulala njaa kwa sababu hiyo.

Ninachowaambia kwanza ni kutoshika pingili kabla ya kutazama kufuli. Kwenye mikanda mingi ya chuma, ubavuni mwa kufuli kuna safu ya vitundu vidogo. Ndani ya kimojawapo imekaa pini ya springi inayoshikilia mwisho wa mkanda. Unaibonyeza kwa ncha nyembamba, unaisogeza kitundu kimoja, unaiachia iingie hadi usikie imekamata. Nafasi ya kitundu hadi kitundu ni ndogo kuliko pingili nzima, na mara nyingi ndiyo tu iliyokuwa inahitajika. Watu wengi walionijia wakitaka nipunguze pingili waliondoka na mkanda mzima na vitundu viwili vimehama.

Kama bado inalegea, vaa saa, bana ziada chini ya kifundo kwa vidole viwili, uhesabu pingili zilizozidi. Gawanya hesabu hiyo pande mbili za kufuli, ili kufuli ikae katikati ya kifundo kwa ndani. Ikiwa ni witiri, ile moja inayobaki itoe upande wa chini wa uso wa saa, ule wa namba 6. Kisha geuza mkanda utazame mgongo wake. Kwenye pingili zinazotoka utaona mishale midogo imechorwa, na pini inasukumwa kufuata mshale. Wakati wa kuirudisha, inaingia kwa upande iliotokea, kinyume cha mshale. Pini nyingi zimepasuliwa upande mmoja ili zibane. Ncha nzima ndiyo inayotangulia kuingia, iliyopasuka inamalizia. Ukiingiza kinyume, pini itakuwa legevu na siku moja saa itaanguka barabarani bila wewe kujua.

Vifaa si tatizo. Nimemwona mke wa mchimbaji mmoja, mama lishe mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu, akifanya kazi hii vizuri kuliko mafundi wawili ninaowafahamu. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, akakichonga mfereji kwa kisu, akaulaza mkanda humo kwa ubavu, mishale ikielekea chini. Sabuni iliushika mkanda bila kuukwaruza. Akachukua sindano nene ya kushonea magunia aliyoikata ncha na kuinoa kwenye jiwe hadi ikawa bapa, akaiweka juu ya pini, akagonga kwa mpini wa kisu, taratibu, mara moja, akatazama, akagonga tena. Pini ilizama ndani ya sabuni ikasimama pale, haikuruka. Chini ya vyote alikuwa ametandika kanga juu ya sinia, kwa sababu pini ikianguka kwenye sakafu ya udongo huipati tena. Akaivuta iliyobaki kwa koleo, akatoa pingili, akaunganisha, akaipiga pini ndani hadi ikawa sawa na ubavu wa mkanda, kisha akapitisha ukucha kuhakikisha haijatokeza. Nilimwomba ruhusa niwafundishe wengine mbinu ya sabuni. Tangu siku hiyo kipande cha sabuni kiko kwenye meza yangu.

Mikanda ya kuvutika, ile yenye springi ndani ambayo wazee wanaipenda, ina njia yake: unakunjua vimasikio vidogo vya bati upande wa nyuma na kuchomoa vishikizi, na lazima uvikunje tena kwa upole maana bati lile halikunjwi mara nyingi. Ngozi nayo naiheshimu. Ikihitaji tundu jipya, nenda kwa fundi viatu akutobolee kwa chombo chake, katikati ya mstari, duara safi. Msumari wa moto unaunguza ngozi, na iliyoungua hupasuka. Ila ngozi kwa mtu wa machimboni siishauri hata kidogo, jasho linaimaliza.

Halafu uoshe mkanda. Vumbi la mwamba likichanganyika na jasho linakaa ndani ya pingili na kusaga chuma na ngozi kwa pamoja. Mswaki wa zamani na maji ya sabuni vinatosha, mradi saa yenyewe haiingizi maji. Anayewashwa na kutoka vipele kwenye kifundo, mara nyingi amevaa chuma cha bei rahisi chenye nikeli, na kulegeza mkanda hakutamsaidia; abadilishe.

Mwaka 2017 Serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje ya nchi, na mwishoni mwa mwaka huo mgodi ukapunguza shughuli. Kakola ilipoa. Vibanda vilifungwa, nyumba za kupanga zikabaki na makufuli. Watu waliokuwa na saa nzuri walizileta kwangu niwatafutie wateja, na wanunuzi walitoka Kahama, Katoro na Geita. Siku zile makopo yangu yalifanya kazi kuliko mimi. Kijana aliyepunguziwa pingili mwaka wa kwanza wa ajira anauza saa kwa mfanyabiashara mwenye mkono mara mbili ya wake. Nafungua kopo, natafuta jina, narudisha pingili zilezile, na saa inapata bei ya saa nzima. Mkanda usiotimia ungemshushia bei kwa kiasi kinachoumiza, na mtu yule alikuwa anahitaji kila shilingi kwa nauli ya kurudi kwao na watoto. Uchimbaji wa chini ya ardhi uliporejea mwishoni mwa 2020, baadhi yao walirudi. Wapo walionunua saa nyingine kupitia mikono yangu, na wapo walioniuliza kama najua ilipo ile ya zamani.

Kuna wanaosema simu imeua saa. Meza yangu haisemi hivyo. Vijana wa sasa wanakuja na saa za kidijitali zenye mikanda ya mpira, zinazopima mapigo ya moyo, na hizo zinadai kukaa vizuri kuliko hata Seiko: ikilegea, mwanga ule wa mgongoni hausomi ngozi, ikibana, jasho linakosa njia. Nawaambia yaleyale. Nyuma ya mfupa. Na kazi ikianza kuuvimbisha mkono, sogeza tundu moja, usione uvivu.

Siku hizi natumia miwani mizito na nafanya kazi asubuhi tu, mwanga ukiwa mzuri. Lakini napigiwa simu kutoka mbali. Juzi kijana mmoja wa Nyarugusu, anayesimamia karasha, alinitumia picha za mkanda aliorithi kwa baba yake mkubwa, mteja wangu wa zamani.

"Shikamoo fundi. Naogopa kuuharibu."

"Marahaba, mwanangu. Geuza uone mishale."

Hakuiona. Nikamwambia auoshe kwanza kwa mswaki, na baada ya robo saa akaniletea picha nyingine, mishale imejitokeza chini ya uchafu wa miaka. Tukahesabu pamoja: pingili mbili, moja kila upande. Nilimuuliza kama ana sabuni ya mche. Jioni alinipigia, imemkaa, kidole kidogo kinapita. Alitaka aende moja kwa moja kusogeza na tundu la kufuli. Nimemwambia asubiri. Aivae kazini juma zima, aivue kila anapokaribia mashine, anitazamie mkono ulivyo alasiri ya siku ya joto, ndipo tuliguse hilo tundu. Na zile pingili mbili azifunge kwenye karatasi pamoja na pini zake, aandike jina.