Haizimi Ovyo Tu

Kompyuta ikifa kabisa, unaizika na kuendelea na maisha. Inayotesa ni ile inayozima ikipenda. Yangu ilinifanyia hivyo wiki tano: skrini ya samawati, uso wa huzuni, halafu maneno WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Kwa lugha ya nyumbani: kuna kifaa humu ndani kimekosea, na Windows imeshindwa kurekebisha. Kifaa gani? Hapo inanyamaza.

Mimi huhariri video za harusi na ruracio hapa Nairobi, kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda changu na pazia la Mama. Hiyo kompyuta ya mitumba ndiyo hulipa kodi ya nyumba. Kila ikizima, kazi ya saa mbili inaenda na maji, na bibi harusi anapiga simu: "Sasa dada, video yetu iko wapi?"

Fundi mmoja wa Luthuli Avenue aliiangalia dakika tatu. "Hii ni bodi kuu, siz. Leta 12,000 tubadilishe." Labda. Lakini kwangu labda ya 12,000 ni kodi ya mwezi mzima. Mwenye pesa hununua vifaa mpaka ugonjwa uishe. Sisi wengine lazima tupime kwanza.

Nikatafuta daftari. Kanuni ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja tu, kisha andika. Ukibadilisha viwili na mashine ipone, hutajua dawa ilikuwa gani.

Usiku wa kwanza niliweka MemTest86 kwenye flashi, ikakagua RAM mpaka alfajiri. Makosa sufuri. Nikafungua kompyuta, nikatoa vumbi kwa brashi, nikapima joto la prosesa ikiwa kazini: nyuzi 68, si homa hiyo. Nikarudisha mipangilio ya BIOS ilivyotoka kiwandani. Wapi! Ikazima tu. Angalau washukiwa walikuwa wanapungua.

Aliyefungua njia ni Mama. Hajui Windows, lakini husikia kila kitu kupitia lile pazia. "Hiyo mashine yako haizimi ovyo tu," aliniambia akikata sukuma. "Hunguruma kwanza kama ya posho, ndiyo inyamaze. Ukiwa unaandika barua zako, haina neno."

Nikarudi kwa daftari. Mara zote 11 ilikuwa imezima nikirenda video, yaani nikiunganisha vipande kuwa faili moja, wakati prosesa na kadi ya picha zinavuta umeme mwingi kwa pamoja. Nikiandika, hata mara moja.

Shaka ikahamia kwa pawa saplai, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani wa volti 240 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kikichoka, volti huyumba mzigo ukipanda, na kosa linaloonekana linaweza kuwa lilelile. Sikukifungua, hata ukichomoa waya, ndani hubaki umeme wa kukuumiza. Jirani aliniazima chake Jumapili. Nikarenda harusi nzima mara tatu mfululizo. Kimya. Jumatatu nikanunua kingine kwa 3,500.

Bibi harusi ashapata video yake. Daftari bado liko mezani, na Mama ameomba ukurasa. Anataka kuandika ni siku gani hasa magoti humuuma, na alikuwa amefanya nini, kabla hajarudi kwa daktari.