Mmoja Tu

Kanisani kwetu Makupa kila kiongozi wa vijana huulizwa analea wanafunzi wangapi. Mimi ninaye mmoja, dogo anayeuza maji pale raundabauti. Tunasoma Marko jioni, barazani, huku akihesabu sarafu zake.

Rebmann alifika Rabai, si mbali na hapa, mwaka 1846, akaondoka 1875 akiwa kipofu. Miaka 29, na waliomfuata Yesu kupitia kwake walikuwa wachache mno. Krapf aliyemtangulia, mtu wake wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu. Leo ripoti kama hiyo wangeirudisha, aki.

Juzi dogo kauliza, “Bro, ukipata hiyo kazi ya Nairobi, nitasoma na nani?”

Fomu iko kwenye simu, nimeshaijaza. Sijaituma.