Nilimdanganya Mama, nikaenda kupiga bisho Msasani

Waulize vijana wa Dar habari za bahari, wengi watakusimulia mihogo ya Coco Beach. Aliyesoma zaidi atakutajia boti la Zanzibar, tena alivyopanda akiwa ameshika mfuko wa kutapikia. Elimu yetu ya bahari inaishia hapo, msomaji wangu, na mji wenyewe umekaa ukingoni mwa maji!

Mimi nilikuwa hivyo hivyo, na kwangu ni aibu zaidi. Nimezaliwa Msasani, na marehemu babu mzaa Mama alikuwa mvuvi wa ngalawa. Ila nyumbani kwetu bahari ilipigwa marufuku. Mjomba alitoka na ngalawa msimu mmoja wa kusi. Ngalawa ilionekana, yeye hakuonekana. Tangu siku hiyo Mama hataki kuona mwanawe akilowa hata magoti. Kuogelea nilijifunza kwa wizi, nikitoka shule.

Sasa Jumamosi moja ya Julai binamu yangu, mtoto wa huyo huyo mjomba, akanijia mbio. Kazi yake ni kushusha na kupandisha mashua pale Dar es Salaam Yacht Club. "Mshikaji, kuna mama mmoja mwenzake anaumwa na mashindano ni leo mchana. Kazi yenyewe kuvuta kamba tu." Nikamwambia Mama nakwenda Kariakoo kutazama viatu. Mungu anisamehe.

Chombo chenyewe kinaitwa Hobie 16. Usifikirie jahazi. Ni kama mitumbwi miwili myembamba ya faiba, katikati yake limekazwa turubai la kukalia, urefu mita 5 hivi, matanga mawili. Nahodha wangu alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Akanivalisha jaketi la kujiokolea, akalikaza mwenyewe mpaka nikakohoa.

Mimi nilidhani ni kujiachia tu na kukimbia. Kumbe kuna sheria kama za barabarani! Dakika 5 kabla ya kuanza inapanda bendera na kupigwa honi. Mashua haina breki, kwa hiyo mnazungukazunguka nyuma ya mstari, kati ya boya na boti la waamuzi, mkiomba honi ya mwisho iwakute hapo hapo. Ukitangulia kidogo, unarudishwa. Anayepata upepo ubavu wa kulia ana haki ya njia, wa kushoto ampishe. Ndiyo maana watu wanapiga kelele "Stabodi! Stabodi!" utadhani makonda wa Mwenge. Hata pointi zenyewe zinakwenda kinyume: wa kwanza anapewa 1, wa pili 2, na mwisho wa yote mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Boya la kwanza linawekwa kule upepo unakotoka, na hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuukabili upepo uso kwa uso. Hapo ndipo mnapiga bisho, mara kulia, mara kushoto, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Kila tukigeuka nahamia upande wa pili kwa magoti, nalegeza kamba hii, navuta ile, viganja vinawaka moto. Mara mbili nikaikalia kamba niliyotakiwa kuivuta. Mashua zilikuwa 10, sisi tukawa wa mwisho. "Pole pole, kijana," mama akasema, na sauti yake haikuwa na pole hata kidogo.

Mara upepo ukafa, tukasimama kama tumetia nanga. Ndipo ikapita ngalawa, mzee mmoja na kijana wake, wanarudi na samaki kutoka upande wa Bongoyo. Wao hawana honi wala bendera. Waliukaribia ufuko wa rasi, wakatupita taratibu, na mbele yao maji yalikuwa yamegeuka meusi yenye vikunyanzi.

Nikamkumbuka babu. Upepo huuoni, alikuwa akisema, lakini maji hukuambia unakuja. Wakati wa kusi upepo huruka Rasi ya Msasani na kuanguka ghubani kwa vipande vipande, ukikosa kipande chako unaelea kama nazi. "Mama, kule! Maji meusi!" Akatazama mara moja, akageuza. Tulipoingia mle, mtumbwi mmoja uliinuka hewani na sisi juu yake, migongo nje, roho mkononi. Tukawapita watatu. Tukamaliza wa 7, nami nikashangilia kama bao la dakika ya 90.

"Nani amekufundisha kusoma maji?" mama akaniuliza. Nikamwambia babu. Moyoni nikaona haya, maana elimu ile ilikuwa nyumbani kwetu miaka yote, nikaacha kuiuliza mpaka mwenyewe akaondoka nayo.

Nikarudi nyumbani saa moja usiku bila viatu. Mama akashika kola ya shati langu, chumvi imekauka nyeupe. Nikajua leo ndiyo leo.

"Binamu yako alikuwepo?"

"Alikuwepo, Mama."

"Mlivaa yale majaketi?"

"Tulivaa."

"Mjomba wako hakuwa nalo," akasema, akaenda zake jikoni.

Basi msomaji, wikiendi badala ya kulala na kusubiri mpira, shuka Msasani ukatazame matanga. Ukipata nafasi ya kupanda, panda, lakini jifunze kuogelea kwanza, na chombo kisicho na jaketi kiache kiende zake. Kama una babu anayejua pepo, mkalie karibu leo hii.

Na Mama je? Ndiyo hajasema. Ila Jumamosi iliyofuata, nikivaa kaptula kimya kimya, aliniuliza kama jaketi hilo linafungwa kwa kamba au kwa vifungo.