Neno Moja Laweza Kukuhamisha Nyumba

Barua ya Kiingereza ikiletwa mlangoni pako, huisomaje? Wengi wetu huku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe, hutafuta kwanza maneno mazito tuyajuayo: kodi, nyumba, korti, tarehe. Tukishayaona, moyo huanza kudunda, na vile vineno vilivyo katikati tunaviruka kama mtu arukaye vidimbwi vya mvua. Leo nataka kukuonyesha kwamba vineno hivyo ndivyo vilivyobeba barua yote.

Nilifanya kazi ya ukarani kwa miaka mingi, kwa hiyo majirani zangu hapa Changamwe huniletea barua zao niwasomee. Siku moja alikuja mama mmoja aliyepanga vyumba viwili karibu na kwangu. Alikuwa ameshafunga vyombo kwenye magunia na kumtuma mtu akatafute mkokoteni. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa amemsomea barua ya mwenye nyumba, akamwambia kwamba wanatakiwa wahame baada ya siku 30. Mama akaona heri ahame mapema kuliko kuja kuaibishwa mbele ya watu.

"Kaka, hebu nisomee na wewe," akaniambia.

Mtoto hakudanganya. Maneno ya kutakiwa, kuhama na siku 30 yote yalikuwamo. Lakini mbele yake palikuwa na kineno cha herufi tatu. Barua ilisema: "You may be required to vacate the house after 30 days." Yaani huenda wakatakiwa kuhama siku 30 zikishapita. Haikusema kwamba ni lazima wahame. Amri ilikuwa katika sentensi iliyotangulia: "The arrears must be paid by Friday." Malimbikizo ya kodi ni lazima yalipwe kufikia Ijumaa. Basi kilichohitajika upesi hakikuwa mkokoteni, bali pesa au mazungumzo. Mama yule alimwendea mwenye nyumba Alhamisi na nusu ya deni, wakapatana kuhusu nusu iliyobaki, na magunia yakafunguliwa.

Sasa tuitazame sentensi ya namna hiyo kwa makini. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, na vikubwa ni tisa: "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will" na "would". Hicho ndicho kinachokupa uzito wa jambo, kama ni ruhusa, ni huenda, ni ushauri au ni amri. Ya pili ni kitenzi chenyewe, yaani tendo. Ya tatu ni kifungu kinachoanza kwa kihusishi, kama "by Friday" au "in the house". Hicho huweka mpaka: lini, wapi, kwa nani, kwa muda gani.

Mbona basi jambo hili hutukanganya? Ni kwa sababu Kiswahili hukusanya mambo hayo yote ndani ya neno moja. Chukua neno "ungemlipia". Ndani yake mna wewe unayelipa, mna "-nge-" ya sharti, mna yule anayelipiwa, na mna ile "-i-" inayofanya kazi ya kihusishi "for". Mwingereza atasema "you would pay for him", maneno matano kwa neno letu moja. Sisi tumezoea mzigo uliofungwa pamoja. Wao huutandaza chini kipande kimoja kimoja, na ukiruka kipande umepotea.

Tena kwetu kitenzi hakipendi kutembea uchi. Tunasema "lazima alipe", na nafsi imo. Au "anaweza kulipa", na "ku-" imo. Kwa Kiingereza, baada ya kisaidizi kitenzi husimama kitupu: "she must pay", "she can pay". Ndiyo maana wanafunzi wetu huandika "she must pays" wakitafuta nafsi, au "she can to pay" wakitafuta "ku-". Huo si ujinga, ni lugha ya mama inayodai haki yake. Lakini mtihani hausikilizi udhuru. Enyi wanafunzi, kumbukeni kwamba baada ya visaidizi hivyo tisa hakuna "to", na kitenzi hakibandikwi "s". Wala msiandike "can be able to", maana ni sawa na kusema "anaweza kuweza".

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kukanusha. "Must" ni lazima, na kwa hiyo mtu hudhani kuwa "must not" ni "si lazima". La hasha! "Must not" ni katazo: usifanye, ni marufuku. "Si lazima" kwa Kiingereza ni "need not" au "do not have to". Tuseme umepewa dawa, na karatasi yake inasema "must not be taken on an empty stomach". Maana yake ni usiimeze kabla ya kula. Anayesoma "si lazima" ataimeza alfajiri na tumbo tupu, kisha ashinde akijikunja kwa maumivu. Na akiona "may cause drowsiness", asidhani dawa imempa ruhusa ya kulala. Anaonywa kwamba huenda ikamletea usingizi, na ikiwa yeye ni dereva wa matatu, onyo hilo linawahusu abiria wake wote.

Tuje kwenye vihusishi. "By Friday" ni kufikia Ijumaa, na ukilipa Jumatano hujakosea. "On Friday" ni siku hiyo yenyewe. "Until Friday" ni kuendelea mpaka Ijumaa, na "from Friday" ni kuanzia hapo. "Within 7 days" ni kabla siku 7 hazijaisha. "For 7 days" ni muda wa siku 7 mfululizo. Kwa hiyo dawa iliyoandikwa hivyo haiachwi siku ya tatu eti kwa sababu homa imeshuka. Tazama tena ni neno gani ambalo kifungu kimeliegemea. "You must write to the agent in Likoni." Je, wakala ndiye aliye Likoni, au wewe ndiwe unayetakiwa uandikie huko? Mara nyingi ni wakala, lakini barua ikiwa na utata wa namna hiyo, uliza kabla hujapanda feri.

Usidhani mambo haya ni ya wapangaji na wagonjwa tu. Hata wakubwa wamevutana juu yake. Katiba ya Kenya ya 2010 imetumia "shall" mahali pengi, likiwamo lile sharti kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa taasisi za kuchaguliwa. Mnamo Desemba 2012 majaji wengi wa Mahakama ya Juu walisema kwamba sharti hilo litatimizwa hatua kwa hatua, si papo hapo. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, hakukubaliana nao. Miaka ikapita bila sheria ya kulitekeleza. Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge, akitegemea Kifungu cha 261, ambacho nacho kinatumia "shall". Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo, na Bunge hilo likaendelea mpaka uchaguzi wa Agosti 2022. Ikiwa majaji na mawakili wanaweza kushindana kiasi hicho, mtoto wa kidato cha pili ana lawama gani?

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akikusomea barua usimuulize tu, "Yasema nini?" Muulize maswali matatu: "Ni lazima, ni ruhusa au ni huenda? Tufanye nini hasa? Na mwisho ni lini na wapi?" Mpe kalamu apige mstari chini ya kisaidizi, chini ya tendo na chini ya kifungu chake. Atakusaidia wewe, na atakuwa amejifunza Kiingereza kuliko kwa kukariri kurasa kumi.

Nanyi mnaotuandikia barua, wenye nyumba, maofisi na maduka ya mikopo, kumbukeni kwamba Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mkituandikia "lipa kufikia Ijumaa", tutaelewa bila kuhitaji karani. Mpaka hapo mtakapofanya hivyo, msomaji wangu, usifunge vyombo kabla ya kuuliza. Kuuliza si ujinga.