Herufi moja tu

Chumba cha habari kimenibana, na wiki hii kimenibana kwa kosa. Niliandika kwamba mheshimiwa fulani "alifungua" zahanati. Gazeti likatoka limesema "alifunga". Herufi "u" moja imedondoka! Sijui ilidondokea mikononi mwangu au kwa wahariri, lakini jina lililo juu ya habari ni langu. Simu ililia mpaka betri ikaisha. Kesho yake tukaomba radhi kwa mistari miwili, yakaisha.

Usiku ule usingizi uligoma, nikawa nasoma kuhusu ugonjwa wa kurithi uitwao FOP. Jamani! Ugonjwa huu hugeuza misuli na kano kuwa mfupa. Mtoto huzaliwa na vidole gumba vya miguu vilivyopinda, mengine yote sawa. Kisha akianguka, au akichomwa sindano ya msuli, pale palipoumia panaweza kuota mfupa. Ukimpasua ili kuutoa, unaota mwingine. Harry Eastlack, Mmarekani aliyefariki mwaka 1973 kabla hajatimiza miaka 40, mwishoni aliweza kusogeza midomo tu. Aliomba mifupa yake wapewe wanasayansi. Iko kwenye makumbusho ya Mütter, Philadelphia.

Mwaka 2006 timu ya Eileen Shore na Frederick Kaplan wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilipata chanzo: herufi moja kwenye jeni iitwayo ACVR1. Moja, kati ya bilioni 3 hivi!

Lakini kuliona kosa si kujua linavyofanya kazi, na huwezi kumjeruhi mgonjwa ili utazame mfupa ukiota. Hapo ndipo panya wanapoingia. Watafiti waliiandika herufi ileile kwenye jeni ya panya. Waliozaliwa nayo mwili mzima walikufa wachanga, hivyo wengine wakatengenezwa ili kosa liwashwe wakishakua. Wakaota mifupa kama wagonjwa. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba protini iitwayo aktivini A, ambayo kwa kawaida huuacha mlango wa ACVR1 umefungwa, kwa mwenye kosa hili huufungua. Kosa langu lilelile, ila kinyumenyume! Ilipozuiwa kwa kingamwili, mifupa mipya haikuota.

Panya si mtu, lakini. Majaribio ya dawa hiyo kwa wagonjwa yalisimamishwa mwaka 2020 baada ya washiriki kadhaa kufariki, ndipo baadaye yakaendelea.

Sitawadanganya, panya wa chumbani kwangu bado nawategea mtego. Ila wale wa maabara wanaumizwa makusudi, na hakuna aliyewauliza. Je, ni haki? Nikimfikiria mama anayemfuata mwanawe nyumba nzima asije akajikwaa, nasema ndiyo. Nikizima taa, ile ndiyo yangu inapungua sauti kidogo.

Mimi nilisahihisha kosa langu kwa mistari miwili. Wao bado wanalisaka lao. Ninyi mnasemaje?