Kutafuta Povu: Safari ya Chupa Nne Ndani ya Nyarugusu

 Safari tunayowasimulia mara hii haikuhitaji kibali cha kutoka kambini. Tulitembea kwa miguu, sisi walimu wanne wa kujitolea, tumebeba chupa, beseni na kipande cha sabuni kigumu kama tofali. Tulikuwa tunatafuta povu.

Chanzo chake ni matanga. Familia moja jirani na shule yetu ilimpoteza mama, na siku ya kuondoa matanga ndugu wote walitakiwa kunyolewa kichwa, kama desturi ya kwao inavyotaka. Sisi tulikwenda kusaidia kuteka maji na kupanga viti. Sabuni ilikuwa ile ya mche, ya mafuta ya mawese, imekaa juani mpaka imepasuka. Kijana aliyekuwa ananyoa aliisugua kwenye kichwa mara mbili tatu, yakatoka majimaji meupe tu, kisha akapitisha wembe. Wembe ulikuwa mmoja. Vichwa vilikuwa saba. Mtoto wa tatu alitoka damu juu ya sikio, na wa nne akaanza kunyolewa kwa wembe ule ule, umefutwa tu kwa kitambaa.

Hapo mmoja wetu akapaza sauti. Watu walimwangalia vibaya, maana msibani si mahali pa kupiga kelele. Lakini shughuli ilisimama. Mzee mwenyewe, mume wa marehemu, alikuwa bado hajanyolewa, na watoto watatu pia. Akatuangalia, akasema, "Balimu, basi miye mutaninyoa siku ingine. Muende mutafute namna." Tukapewa mpaka Jumamosi iliyofuata.

Tulianza na maji, kwa sababu darasani ndiko tunakofundisha habari hiyo, ila hatukuwahi kuitoa nje ya ubao. Maji hayafanani. Mvua inaposhuka haina chumvi za mawe. Ikishaingia ardhini na kupita kwenye miamba inabeba kalsiamu na magnesiamu, na chumvi hizo zikikutana na sabuni zinaishika, inageuka kuwa utando mweupe ule unaoganda pembeni mwa beseni. Sabuni iliyoshikwa namna hiyo haitoi povu. Lazima chumvi zote zishibe kwanza, ndipo sabuni inayobaki ianze kazi. Hayo ndiyo maji magumu. Kwa macho huwezi kuyajua.

Chupa ya kwanza tuliijaza kwenye pipa lililo chini ya bati la shule, maji ya mvua ya usiku ule. Ya pili tulikwenda kuijaza bombani. Pale foleni ya madumu ilikuwa ndefu, na akina mama walituona na sabuni mkononi wakaanza kucheka: "Jamani, walimu wamekuja kuoga barabarani?" Tulipoeleza shida yetu, mama mmoja alitupisha mbele. Kutoka hapo tuliteremka kwa njia ya vumbi jekundu mpaka bondeni kwenye bustani za mchicha, tukachota kijitoni chupa ya tatu.

Ya nne ndiyo yenye hadithi. Yule mzee alikuwa na chupa ya lita moja na nusu ndani ya nyumba, imefungwa vizuri, imefunikwa na kitambaa. Ni maji ya Ziwa Tanganyika. Jirani aliyekwenda kutibiwa Kigoma alimletea, kwa kuwa alimwagiza. Mzee ametoka Baraka, upande wa Fizi, alivuka kwa mtumbwi mwaka 1996, mwaka ule ule kambi hii ilipofunguliwa, na tangu hapo hajaliona tena ziwa. Kutoka hapa mpaka ufukweni ni kilometa kama 150. Sisi wengi tumezaliwa hapa hapa, ziwa tunalijua kwa masimulizi na kwa ramani ya darasani. Alitupimia kikombe kimoja tu. Hakutaka kuzidisha.

Tulikaa mbele ya nyumba yake. Kila chupa tuliitia maji ya kimo kimoja, tukaparuza sabuni kwa kisu, kiasi sawa kila moja, tukatikisa mara 20. Chupa ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni, na povu likakaa. Ya bomba na ya kijito zilitoa povu la wastani. Chupa ya ziwa ilitoa povu jembamba likafa kabla hatujahesabu kumi, na maji yakabaki na vipande vyeupe kama maziwa yaliyoharibika. Wanafunzi waliokuwa wametuzunguka walisema ni kwa sababu ya dawa ya maji. Hapana, dawa inatiwa kwenye maji ya bomba, na ile klorini ni kidogo mno, si yenye kuua povu.

Mzee alichukua ile chupa ya ziwa akaiinua juani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Kule kwetu sabuni ilikuwa inaisha mbio. Mama yangu alikuwa anatugombeza, anazani tunacheza nayo."

Basi tukamweleza kwamba mama yake aliwaonea bure. Chumvi nyingi za Tanganyika zinaletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, ambako chemchemi za nchi ya volkano zinamwaga magnesiamu ziwani. Waliotoka Bukavu na Uvira wanaujua mto huo vizuri. Halafu maji yakishaingia Tanganyika hayatoki upesi. Mlango wake wa kutokea ni mto Lukuga pale Kalemie, lakini sehemu kubwa ya maji inaondoka kwa kukaushwa na jua, na jua halibebi chumvi. Chumvi inabaki humo kwa karne na karne. Nani angeweza kumweleza hayo mama anayefua ufukweni Baraka?

Maji tulikuwa tumeyajua. Povu lenyewe bado. Ijumaa tulikwenda sokoni kwa kinyozi mmoja wa siku nyingi anayefanyia kazi chini ya mwembe. Ana kioo kilichopasuka, kiti cha mbao, na brashi ya kunyolea ambayo anaitunza kuliko kitu chochote. Tulimwonyesha sabuni yetu tukimwambia ni mbovu. Akaigonga kwa kucha. "Si mbovu. Munaiharakisha."

Sabuni ya mawese, kama wajuavyo wanaoipika kwa kostiki, huwa ngumu, na povu lake huja polepole, dogo dogo, ila likishakuja linadumu. Sabuni ya unga inatoa mapovu makubwa mara moja, lakini inakausha ngozi na kuiunguza, haifai kabisa kunyolea. Kinyozi alitia kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu juu ya kipande cha sabuni akakiacha. Wakati huo akalowesha kitambaa safi, akakilaza juu ya ndevu za mmoja wetu kwa dakika tatu hivi. Nywele kavu ni ngumu kama waya. Zikinywa maji zinalegea, wembe haung'ang'anii.

Baadaye akalowesha brashi, akaikung'uta mara tatu, akaanza kuizungusha juu ya sabuni. Alizungusha, alizungusha. Sisi tulidhani imetosha, yeye anaendelea. Alituambia hesabu mpaka 60, ukiwa na sabuni kavu kama hii zidisha. Kwanza yalitoka mapovu makubwa yenye kupasuka, akasema hayo ni maji tu, musiyapake. Kisha nywele za brashi zikaanza kushikana, zimejaa kitu kizito kama gundi. Hapo ndipo alipohamia kwenye bakuli, akadondosha matone mawili ya maji kwa ncha ya kidole, akazungusha tena, matone mawili mengine, akazungusha. Hata sauti ilibadilika. Ilikuwa inalia chwachwa, ikawa kimya. Povu lilikuwa limekuwa zito, linang'aa, kama mtindi. Aliinua brashi juu, povu likasimama kama kilele cha ugali. Maji yakizidi linateleza chini. Yakipungua linakauka usoni kabla wembe haujafika.

Tulimuuliza, na asiye na brashi je? Akatoa kipande cha dodoki laini kwenye mfuko. Unasugulia sabuni kwa dodoki, unalikamua kwenye bakuli, unapiga povu humo, halafu unapaka kwa vidole vyako. Tulijaribu wenyewe, linachukua muda zaidi lakini linakubali. Na kumbe sabuni iliyotumika ilikuwa kidogo sana, kipande hakikupungua hata kwa macho. Ile ya kusugua moja kwa moja kichwani inakula sabuni ya nyumba nzima.

Kuhusu wembe alitufundisha jambo ambalo tunaomba kila baba na kila kijana alisikie. Wembe wa pande mbili anaukunja ukiwa bado ndani ya karatasi yake, kwa urefu, unavunjika katikati. Nusu moja ni ya mtu mmoja, anaifunga kwenye kishikio. Nusu ya pili ni ya mtu mwingine. Ikishanyoa inatiwa kwenye kopo lenye mfuniko, hairudi kwenye kichwa kingine. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini ya aina B vinaweza kupita kwa damu kidogo hata usiyoiona, na kitambaa hakiviondoi. Kwa hiyo nyembe mbili zinatosha watu wanne. Tulikuwa na watu wanne.

Jumamosi mvua ilinyesha alfajiri, tukashukuru, pipa likajaa. Watoto watatu walinyolewa kwanza, kinyozi mwenyewe alikuja na brashi yake bila kudai kitu. Hakuna aliyetoka damu. Mdogo wao alisinzia akinyolewa.

Ilipofika zamu ya mzee, akatoa chupa yake. Alitaka anyolewe kwa maji ya ziwa. Marehemu naye alizaliwa kule, alisema, na hakupata kurudi. Tuliangaliana. Tulijua yaliyotokea kwenye chupa. Mmoja wetu alichemsha kikombe kimoja kwa muda mrefu, kwa kuwa kuchemsha kunaangusha sehemu ya zile chumvi. Kweli utando mweupe ulibaki kwenye sufuria, na povu likaongezeka kidogo, lakini bado lilikuwa la kufa upesi. Kumnyoa mzee wa umri ule kwa povu la namna hiyo, ngozi yake imekuwa nyembamba, tuliogopa. Na kumkatalia tuliona vigumu zaidi.

Kinyozi ndiye aliyepata njia. Alilowesha kichwa kwa maji ya mvua, akapiga povu kwa maji ya mvua, akanyoa taratibu kutoka mbele kwenda kisogoni, akaosha sabuni yote kwa maji ya mvua mpaka ngozi ikawa safi. Halafu akasema, "Sasa papa, leta ya kwenu." Akammiminia maji ya ziwa kichwani pole pole. Yalishuka usoni mpaka kwenye shati. Mzee alifumba macho na hakuyafuta. Watu wote walinyamaza mpaka yalipoisha kudondoka.

Ilibaki kama robo ya chupa. Aliifunga, akairudisha ndani. Kipande cha sabuni alituachia sisi, kiko shuleni juu ya kifuniko tulichokitoboa matundu, ili kisikae ndani ya maji.