Jimbo Tumepata, Halmashauri Bado

Nikimwambia mtu chuoni kwamba nakaa Chamazi, swali huwa ni moja: "Kule kwenye uwanja wa Azam?" Ndiko. Lakini nyuma ya uwanja kuna watu, tena wengi, na Mei 2025 wingi huo ulitambuliwa rasmi. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, idadi ikafika 272 nchi nzima. Chamazi ni mojawapo. Tumemegwa kutoka Mbagala.

Kijiweni kwa bodaboda ilikuwa furaha. "Sasa tunajitegemea," mmoja akasema. Nyumbani, Mama alikuwa anachambua mchele. Akauliza bila kuinua kichwa: "Kwa hiyo hati ya kiwanja nitaifuatilia wapi?"

"Palepale, Mama. Temeke."

Shahada yangu ya uzamili ni ya utawala, kwa hiyo nilikaa nikamweleza. Jimbo huanzishwa na Tume, chini ya ibara ya 75 ya Katiba, inayotaka mipaka iangaliwe upya angalau kila baada ya miaka kumi. Halmashauri hupitia mlango mwingine kabisa, wa sheria za serikali za mitaa. Jimbo linatupa mbunge. Halmashauri ndiyo inayokusanya ushuru na kusimamia zahanati na shule za msingi.

"Tumepewa mdomo," akasema. "Mkono bado."

Nilicheka, ila hesabu iko upande wake. Sensa ya 2012 iliikuta Temeke ina watu 1,368,881, Kigamboni ikiwa ndani yake. Baadaye Kigamboni ikajitenga, ikawa manispaa. Sensa ya 2022 ikaikuta Temeke iliyobaki ina watu 1,346,674. Yaani tulipunguziwa eneo zima, na ndani ya miaka kumi tukakaribia kurudi palepale. Sehemu ya watu hao ndio majirani zetu, waliofuata viwanja vya bei nafuu huku pembezoni wakajenga chumba kimoja kimoja.

Kwa nini basi nasi tusidai manispaa yetu? Mama angeipenda. Siku anayokwenda Temeke ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na siku hiyo mihogo haiuzwi.

Hapo ndipo ninaposita. Temeke ina viwanda vya Chang'ombe, na viwanda hulipa ushuru wa huduma. Chamazi ina nyumba, fremu za maduka na vibanda. Tukijitenga, tutaajiri mkurugenzi, tutajenga ofisi, tutanunua magari, kisha tutageukia vibanda hivyohivyo kutafuta fedha. Tena halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha Mama kinaisubiri mikopo hiyo. Asilimia 10 ya kidogo ni kidogo zaidi.

Nilipomwambia hivyo, aliacha mchele.

"Sasa wewe unataka nini?"

Nikamjibu kwamba kabla ya kudai manispaa, tudai dawati la ardhi hukuhuku kata, hata kwa siku mbili za wiki. Mbunge mpya ataingia kwenye baraza la madiwani kama mjumbe. Aanze na hilo.

Akafikiri kidogo. "Jumapili kikundi kinakutana. Njoo uwaeleze wenzangu, ila usiwaletee hizo ibara. Anza na nauli."